Kwa nini natengeneza zana huria za kupima programu

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini natengeneza zana za kupima programu halafu nazitoa bure. Leo nijibu.

Mimi ni mwenyeji wa Malili, kule Makueni ambako ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza ulizinduliwa Januari 2013. Baada ya shahada ya sayansi ya kompyuta niliajiriwa Nairobi, kwenye kampuni iliyolipa wakulima wa ndengu kwa simu. Programu yao ilikuwa imepita majaribio yote. Lakini ilikataa namba zinazoanza na 01, ambazo Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2019. Shangazi yangu alikuwa na namba hiyo, akasubiri pesa za magunia mawili wiki tatu.

Nilipochunguza majaribio yenyewe nikaona kila mkulima anaitwa John Smith na simu yake inaanza na 07. Hakuna Ng'ang'a mwenye ritifaa, hakuna mtu wa jina moja. Hakuna hata ujumbe wa Kikamba. Kwa wale wasiofahamu, ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, lakini ukiweka ũ moja tu, uwezo unashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 100 unakuwa mbili, na gharama inaongezeka maradufu.

Basi usiku, kwa kompyuta yangu mwenyewe, nikaanza kukusanya mifano ya majina na namba za kwetu kwenye faili moja. Baadaye nikaandika programu ndogo ya kuilisha mifumo mifano hiyo na kuonyesha inapokwama.

Zana nyingi huanza na kero ya namna hii. Kent Beck na Erich Gamma walianza JUnit mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kuelekea Atlanta. Jason Huggins alianza Selenium mwaka 2004 huko Chicago, alipochoka kupima kurasa kwa mkono. Hapa Kenya, Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, na msimbo wake ni huria.

Kwa nini bure? Kwa sababu kampuni moja ikirekebisha mfumo wake kimyakimya, shangazi wa mwenzako bado atakataliwa na mfumo wa kampuni nyingine. Msimbo ukiwa wazi, dawa inawafikia wote.

Kama unaandika programu, fanya jambo moja leo. Jaribu kumsajili nyanya yako, kwa jina lake kamili na namba yake halisi, uone kama atapokelewa.