Lenzi Isiyopiga Hodi

Walimu wenzetu wanaotutembelea Jumamosi asubuhi mara nyingi hawatukuti. Huambiwa mlangoni, "Amekwenda ziwani na kamera yake." Wengine hucheka, wengine hutikisa kichwa. Mwalimu wa lugha aliyepita miaka arobaini, mwenye stashahada yake na rundo la madaftari yanayongoja kusahihishwa, atafuta nini kwenye matope na mafunjo? Tumeulizwa swali hilo mara nyingi, na leo twalijibu. Wala hatuandiki kwa kujisifu, maana limo katika habari hii jambo moja la aibu, nalo ndilo hasa lililotushikisha kalamu.

Kamera yenyewe tuliinunua Kampala, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ni Canon PowerShot SX50 HS, ya namna iliyotoka kiwandani mwaka 2012. Fedha tulizoilipia zilikuwa akiba ya karo. Hapa Uganda, Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilitaka kila mwalimu awe na shahada, nasi tulikuwa tumeanza kudunduliza kidogo kidogo ili turudi chuoni. Siku tulipoingia nyumbani na kamera badala ya risiti ya chuo, mwenzetu wa nyumbani hakugomba. Aliuliza tu, "Je, hiyo nayo itakusomesha?" Tulikosa la kujibu.

Wajuzi huziita kamera za namna hii kamera za daraja, kwa kuwa zimesimama baina ya ile ndogo ya kutia mfukoni na ile kubwa ya mafundi, ambayo lenzi yake huchopolewa na kubadilishwa. Lenzi yetu haichopoki, lakini huvuta mara 50. Huanza na upana wa milimita 24 na kufikia urefu wa milimita 1,200, kwa hesabu ya kamera za filamu. Twasema "kwa hesabu" kwa makusudi, kwani urefu wake wa kweli ni milimita 4.3 hadi 215 tu. Siri imo ndani. Kipande kinachopokea mwanga kina upana wa milimita 6 hivi, ilhali picha moja ya filamu ilikuwa na milimita 36. Kipande hicho hupokea sehemu ndogo tu ya kati, na kwa hiyo ndege aliye mbali huijaza picha nzima. Ndiyo sababu chombo kisichofika hata kilo moja hufanya kazi ambayo kwa kamera kubwa ingehitaji lenzi ya kubebwa begani.

Lakini cha bure hakuna. Kipande kidogo hupokea mwanga mdogo, na kadiri lenzi inavyorefuka ndivyo mlango wake wa mwanga unavyozidi kuwa mwembamba. Jioni jua likishazama, picha hujaa chengachenga kama unga wa mtama. Tena kila kinachokuzwa hukuzwa pamoja na kasoro zake: ukivuta mara 50, mtetemeko wa mkono nao huonekana mara 50. Pumzi tu hutosha kumwondoa ndege ndani ya picha. Na ifikapo saa nne asubuhi, mvuke wa joto huinuka juu ya maji, ukafanya kila kitu cha mbali kicheze kama kilichomo ndani ya sufuria inayochemka. Hapo hakuna ufundi wala gharama itakayokusaidia, ila kurudi nyumbani na kuamka mapema zaidi kesho.

Vifaa vingine tulivipata mmoja baada ya mwingine, kwa kufunzwa na makosa. Kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera ni kitu chema penye ardhi ngumu, lakini ndani ya mtumbwi hakifai kitu, kwani mtumbwi wenyewe hauna utulivu. Humo tulijifunza kutumia mfuko wa nguo uliojazwa maharage makavu, ukawekwa ukingoni na kamera ikalazwa juu yake. Safari ikiisha, maharage hayo hurudi jikoni. Betri ya pili ni lazima. Ya kwanza tuliyoiongeza ilikuwa ya bandia, tukaisifu kwa bei yake, ikavimba kabla ya mwezi kwisha. Mfuko wa plastiki huzuia mvua, na kofia ya lenzi huzuia jua la upande na vidole vya watoto. Pia zipo siku ambazo wadudu wadogo wa Ziwa Viktoria huinuka majini kama nguzo za moshi. Siku hizo heri kuifunika kamera na kufumba mdomo.

Ufundi mmoja tuliuthamini kuliko vyote. Kando ya lenzi kuna kitufe ambacho ukikibonyeza, lenzi hurudi nyuma kwa muda na kukuonyesha eneo pana. Ukimwona ndege aliyekupotea, waachilia kitufe, na lenzi yamfuata palepale. Mtu aliyezama katika jambo moja hadi akapoteza mwelekeo angefaidika na kitufe kama hicho.

Safari yetu ya kukumbukwa ilikuwa kwenye kinamasi cha Mabamba, upande wa magharibi wa Entebbe, ambacho mwaka 2006 kiliwekwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Huko huishi korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Chakula chake kikubwa ni kamongo, samaki ambaye kwa Luganda huitwa mmamba. Wavuvi wa zamani walimwona ndege huyu kuwa na kisirani, wakaamini kwamba atakayekutana naye hapati samaki siku hiyo. Sisi tulikutana naye alfajiri, kasia likiwa limeinuliwa na mtumbwi umetulia. Alisimama bila kutikisika kwa muda uliotosha kusahihisha insha mbili. Tulipiga picha sitini na kitu. Tano zilifaa.

Picha hizo zilibadilisha darasa letu. Msomaji ajua hali ya Kiswahili hapa kwetu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wanafunzi wetu walio wengi hawakisikii nyumbani. Kwao ndege ni "ndege", naye "anaruka", basi. Tulipowawekea mezani picha kumi za mdiria, tangu alipokuwa juu ya mti hadi alipotoka majini na samaki, walilazimika kuomba maneno. Huyu anafanya nini? Anaelea. Na hapa? Anachupa. Na huyu korongo taji? Ametua. Na furukombe? Amenyakua. Kijana mmoja aliyekaa muhula mzima bila kufungua kinywa alisimama na kubishana na mwenzake kama mwewe yule alikuwa anaambaa juu ya maji au anashuka. Tukajiona tumempata mwalimu msaidizi.

Hapo ndipo tulipojisahau. Kutoka kwenye ndege tulihamia kwa watu.

Katika mwalo mmoja wa wilaya ya Wakiso, palikuwa na mama mzee aliyekuwa akichambua mukene, hao dagaa wetu wa ziwani, juu ya nyavu zilizotandikwa juani. Tulimwona tukiwa upande wa pili wa ghuba ndogo, yapata mita 100. Tuliegemeza kamera kwenye mti, tukavuta hadi mwisho. Akaja mbele yetu mzima: makunyanzi ya shavu, vidole vilivyong'aa kwa magamba, na pindo la leso lenye fundo dogo kiunoni. Hakutuona. Tulijipongeza kwa jambo hilo, tukisema kwamba asiyejua anapigwa picha ndiye anayetoka katika hali yake ya kweli.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, shule yetu ilifanya maonyesho. Tulitundika picha za ndege, na katikati yake tukatundika ile ya mama mzee, kwa maandishi makubwa: "Mchambua Dagaa". Wageni waliisifu. Wanafunzi waliona fundo la leso, wakaandika chini yake, kama zoezi la siku lilivyotaka: "Bibi huyu amefunga pesa zake hapa."

Msichana mmoja wa darasa letu alisimama mbele ya picha muda mrefu, kisha akaondoka bila kusema neno. Jumatatu alitujia kabla ya kengele. "Mwalimu," alisema, huku akitazama chini, "Jjajja anauliza, mtu aliyempiga picha alikuwa amesimama wapi?"

Tulikwenda nyumbani kwake jioni ileile. Tulipiga hodi kwa Kiswahili, kwa mazoea ya kazi, kisha tukaamkia kwa Luganda ipasavyo. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatuletea maji ya kunywa, na hakusema lolote mpaka tulipokwisha kunywa. Ndipo aliposema kwamba watu wanne walikuwa wamekwisha kumtania sokoni juu ya fundo lake. "Tangu niwe mjane nafunga fedha mahali pale," alisema. "Sasa mwalo mzima wapajua."

Tulimwomba radhi. Tukaeleza kwamba nia yetu ilikuwa njema, kwamba ilikuwa kwa ajili ya kufundishia Kiswahili. Tulidhani neno hilo lingetutetea. Alitutazama, akasema kwa Luganda, "Kiswahili nakijua." Kisha akatoa Kiswahili chake chote, neno moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu: "Simama. Fungua. Lala chini. Lete pesa."

Msomaji ajua miaka aliyokuwa akiisema. Tangu 1971 hadi 1979, chini ya Idi Amin, Kiswahili kilikuwa kwa watu wengi wa Buganda lugha ya kambi na ya bunduki, na wapo hadi leo wanaokisikia kwa sikio la siku hizo. Jjajja hakutoa hotuba juu ya mambo hayo. Aliongeza jambo moja tu: "Wale hawakupiga hodi. Nawe hukupiga."

Ndugu walimu, somo la kwanza tunalofundisha, kabla ya ngeli na kabla ya nyakati, ni maamkizi. Tumelifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumesimama mbele ya watoto tukawaeleza kwamba hodi si neno la kufungulia mlango, bali ni kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba mgeni asiyeitikiwa mara tatu hurudi alikotoka. Nasi tukatwaa chombo cha kuingia kwa watu kutoka mita 100, tukapita mlango, tukapita ukumbi, tukafika hata kwenye pindo la leso. Lenzi ilitupeleka karibu, ila haikuwa imetukaribisha mtu.

Kesho yake tuliitoa picha ukutani, tukampelekea, pamoja na kuifuta mbele ya macho yake katika kadi ya kamera. Hakutushukuru, na hapakuwa na la kushukuru. Tulirudi mara ya pili bila kamera, tukasaidia kugeuza mukene mvua ilipotishia. Mara ya tatu ni yeye aliyeuliza, "Kile kitu chako umekiacha wapi?" Tulikuwa nacho mfukoni. Alikitazama, akatazama picha za korongo-nyangumi, akacheka kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa akimlaani ndege huyo kila alipomwona. Kisha akasema twaweza kupiga mikono yake. Mikono tu, si uso.

Tuliketi naye mkekani. Lenzi ilikuwa imerudishwa hadi mwanzo kabisa, kwenye milimita 24, na mikono ile ilikuwa mbele yetu kwa umbali wa mkono wetu. Hapakuhitajika kigoda wala mfuko wa maharage. Picha hiyo ndiyo iliyopo darasani sasa, naye mjukuu wake ndiye aliyeiandikia maelezo, baada ya kumsomea Jjajja kwa Luganda na kupata kibali chake.

Kamera hatujaiacha. Ndege twaendelea kuwavuta kwa mbali, kwani kwao umbali ndio adabu: ukimkaribia korongo huacha kiota. Lakini binadamu twamwendea kwa miguu, tukaamkia, tukangoja. Akikataa, twarudi na kadi tupu. Picha nyingi zimetupotea kwa utaratibu huo, na baadhi yake zilikuwa nzuri sana.

Akiba ya karo tumeianza upya. Mwenzetu wa nyumbani, tulipomsimulia habari nzima, alisema kwamba basi kamera imetusomesha, ila karo yake ameilipa mtu mwingine. Kweli hiyo hatuna budi kuikubali. Kila tupitapo mwaloni twapiga hodi kwa Jjajja. Huitikia kwa Luganda, nasi hatujamtaka aitikie kwa lugha nyingine.