Divai Isiyongoja Mwaka

Msomaji mpenzi, leo nakuomba tufuatane mpaka Ufaransa, katika nchi ya vilima iitwayo Beaujolais. Tukitoka mji mkubwa wa Lyon tunaelekea kaskazini, mto Saône ukiwa mkono wetu wa kuume. Watu wa Lyon hutania kwamba mji wao una mito mitatu: Rhône, Saône, na wa tatu ni divai ya Beaujolais! Utani huo una asili yake. Tangu zamani mapipa ya divai changa yaliletwa Lyon baridi ilipoanza, na watu waliinywa hata kabla haijatulia.

Tazama sasa vilima hivi. Kusini nyumba zimejengwa kwa mawe ya rangi ya dhahabu. Kaskazini ardhi ni ya mawe magumu. Pote ni mizabibu ya aina ya Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe, aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika nchi yake, kwa kuwa huzaa sana, lakini yeye aliiona divai yake kuwa mbaya. Beaujolais haikuwa chini yake. Basi Gamay ikabaki huko, ikawa chakula cha watoto wa wakulima mpaka leo.

Labda utauliza: divai hii ina ajabu gani? Ajabu yake ni haraka. Divai nyingi nyekundu hulala katika mapipa miezi mingi, nyingine miaka. Hii huvunwa mwisho wa Agosti au Septemba, na katika Novemba iko mezani. Wavunaji hukata vichala kwa mkono, kwani lazima vifike vizima. Humiminwa hivyo hivyo ndani ya pipa kubwa. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito, maji yake huanza kuchachuka, na hewa inayotoka hulijaza pipa. Ndipo zile nzima nazo huanza kuchachuka ndani ya maganda yake. Baada ya siku chache hukamuliwa. Divai inayopatikana ni nyepesi, yenye harufu ya matunda. Wewe uliyezoea pombe ya nyumbani utaelewa upesi: hii si ya kuwekea akiba. Hunywewa mapema, ladha yake ingali mpya.

Faida ya haraka hiyo ni nini? Fedha. Mkulima aliyetumia mali yake yote shambani hupata malipo kabla mwaka haujaisha. Ndiyo sababu mwaka 1951, serikali ilipokataza divai za namna hiyo kuuzwa kabla ya tarehe 15 Desemba, wakulima walinung'unika. Novemba ya mwaka ule ule wakapata ruhusa. Tangu 1985 siku yake ni Alhamisi ya tatu ya Novemba.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, twende Beaujeu, mji mdogo ulioipa nchi hii jina lake. Watu hupita njiani na mienge ya matawi makavu ya mizabibu, wakisukuma mapipa. Saa sita ya usiku mapipa hutobolewa, na wote hushangilia. Siku hiyo hiyo divai hiyo hunywewa Paris, na mbali sana hata Ujapani.

Lakini, msomaji, sikiliza pia upande wa pili. Sifa ilipoenea dunia nzima, kila mtu alitaka kuuza. Wengine waliacha mizabibu izae kupita kiasi, wakatengeneza divai dhaifu, wakitegemea jina tu. Wanunuzi walinywa, wakachoka. Divai nyingi ya mwaka 2001 ilikosa mnunuzi, hata ikabidi nyingine ichemshwe, itolewe spiriti. Miaka iliyofuata mizabibu mingi iling'olewa, safari hii si kwa amri ya mtawala, bali kwa kukosa soko. Na walioumia si wavivu peke yao. Katika vijiji vya kaskazini, kama Morgon, Fleurie na Moulin-à-Vent, wako wakulima wanaotengeneza divai nzito ya kukaa miaka. Hao nao walidharauliwa, kwa sababu watu walilijua jina la Beaujolais kwa ile ya haraka tu. Ikawapasa kufanya kazi ya subira ili waaminiwe tena.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuuza mapema si kosa; mkulima ana watoto wa kulisha. Kosa ni kuuza kibaya kwa jina zuri. Jina hilo ni la kijiji kizima, na akiliharibu mmoja, jirani naye hulipa. Wewe unayepeleka kahawa au pamba yako sokoni, mkumbuke mkulima wa Beaujolais. Furahi naye usiku wa mienge, lakini pima mzigo wako kwa haki.