Ilula: Nyanya Nje, Samaki Saluni

Ukishaupanda mlima Kitonga salama na roho ikarudi mahali pake, usisinzie. Mbele kidogo ni Ilula, wilaya ya Kilolo, kama kilomita 45 kabla hujafika Iringa mjini. Basi likipunguza mwendo tu, ndoo za nyanya zimeshafika dirishani, na vitunguu vinakufuata nyuma. Bei inapangwa huku gari linatembea!

Mimi safari hii nilifuata samaki. Tena samaki wa kutazama, si wa kukaanga. Cheka tu msomaji, hata konda alicheka.

Binamu yangu, binti wa mjomba, ana saluni pale barabarani. Mteja wa kusuka anakaa kitini saa nne, saa tano, na akichoka kujitazama kwenye kioo anaanza kutazama saa. Basi dada kaamua kuweka akwariamu yenye majani mabichi, bomba kweli kweli. Fundi vioo alishamgandishia tangi kwa silikoni, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Ongeza mchanga na kioo chenyewe, mzigo unapita kilo 70. Kile kistuli cha plastiki alichokiandaa nilikikataa nikiwa bado mlangoni.

Kasheshe ilikuwa kwenye chujio. Pesa ya akiba ilitosha kifaa kimoja cha maana, na duka moja la Dar lilishamjaza maneno kwa simu: achukue lile la mota linaloning'inia nyuma ya tangi.

“Kaka, lile linamwaga maji kama maporomoko. Wateja watapagawa!”

“Na umeme ukikatika, mdogo wangu?”

Akageuka kutazama mashine zake za kukaushia nywele. Hakujibu.

Sikilizeni, nyie wa mjini mnaodhani chujio ni la kuokota takataka tu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo majani yanaila kama mbolea. Mkulima wa Ilula anayenunua urea kila msimu atalielewa hili haraka kuliko mtoto wa Sinza. Bakteria hao wanakaa ndani ya chujio na wanataka hewa. Mota ikisimama saa nyingi, maji yaliyofungiwa kwenye kile kiboksi yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu wote unamwagwa kwa samaki. Zaidi ya hapo, mota inavuta vitoto vya samaki kama uzi.

Nikamshauri achukue chujio la sponji. Ni sponji, mrija, na pampu ya hewa ya wati 2 au 3, basi. Mapovu yakipanda juu, maji yanapita kwenye sponji. Umeme ukikatika, sponji imo humo humo majini, na unachomeka mpira kwenye pampu ndogo ya betri. Sura yake mbaya, nakubali. Lakini majani tunapanda ya nini kama si kuificha? Pampu ikae juu kuliko maji, au mpira uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukizima maji yatashuka mpaka kwenye soketi.

Halafu nikanusa. Saluni, jamani! Spirei ya nywele, dawa ya kulainisha, jioni dawa ya mbu. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuipuliza moja kwa moja kwenye maji. Tukaihamishia pampu chumba cha nyuma, karibu na dirisha, tukapitisha mpira mrefu ukutani. Tangi likapata mfuniko.

Na Ilula ni Ilula. Hapa nyanya zinapuliziwa dawa, na dawa nyingine ni za jamii moja na pareto, lile zao la Nyanda za Juu Kusini lenye kiwanda pale Mafinga. Kwa wadudu ni kifo, kwa samaki ndio usiseme. Mdogo wangu alishaandaa ndoo ya kubebea maji, nikamuuliza ilitoka wapi. Shambani. Ikarudi shambani siku hiyo hiyo, ikanunuliwa mpya. Maji ya mtaroni nayo tuliyapiga marufuku. Tulichota ya bomba, tukayalaza wazi usiku kucha ili klorini itoke. Sponji nayo itaoshwa kwa maji ya tangi lenyewe yaliyochotwa kando, maana klorini ya bomba inaua wale bakteria.

Kwa kuwa sponji ni rahisi, chenji ilitosha hita ya wati 50. Juni na Julai usiku wa huku si mchezo. Taa ni ya LED, saa sita mpaka nane kwa siku, ukizidisha unavuna mwani.

Mteja mmoja wa Kyela alitaka tulete mbuna wa Ziwa Nyasa. Wazuri, rangi zao zinaumiza macho, lakini lita 54 ni chumba cha kupanga kwa wagomvi wale, na bustani wangeifukua wiki hiyo hiyo. Tukachagua gapi, wadogo na wapole.

Wiki nne mpaka sita za kusubiri bakteria wazaliane ndizo zilizomchosha dada. “Wiki sita! Kaka, hata rasta hazikai wiki sita.” Ila alikubali. Nilipoondoka, valisneria ilikuwa imeanza kutoa machipukizi, mapovu yanapanda, na wateja wamejipanga kwenye benchi wanatazama maji matupu.

“Samaki wenyewe wako wapi?”

“Wako njiani,” anajibu, huku anaendelea kusuka.