Mashini ya picha na kosa letu



Katika kurasa hizi sisi kapita tunaandika mara nyingi juu ya makosa ya wengine: waliochelewa kengele, walioruka ibada, waliosahau kufagia. Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe. Lilifanyika mbele ya mstari wa asubuhi, basi ni vizuri lisahihishwe mbele ya wote.

Masomo yetu yako na mashini moja ya picha ya zamani, ya Japani, ile ya kutia filme. Inakaa ndani ya kabati ya Bwana Prefe tangu wakati wa wakubwa wetu. Kwa sikukuu ya mavuno tulipewa ruhusa ya kuitumia, pamoja na filme moja ya nyeusi na nyeupe, picha 36. Tulipiga kwaya, vikapu vya mihogo mbele ya mimbara, na Muzee wetu wa kengele akiwa amesimama na nyundo mkononi. Wiki chache nyuma yake Muzee akalala katika Bwana. Hapo kila mtu akauliza: picha yake iko wapi?

Filme ilipelekwa kuoshwa mbali. Iliporudi, tulisikia uchungu sana. Picha nyingi zilikuwa na mstari mweupe upande mmoja, na uso wa Muzee ulikuwa umeliwa nusu. Mbio mbio tulitafuta mkosaji. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza ndiye alibeba mashini siku ile. Akasema: «Yaya, mimi sikufungula. Nilibeba tu.» Hatukumsikia. Tuliandika jina lake katika daftari, na alifyeka majani siku tatu, wenzake wakimcheka na kumwita Fungula.

Likizo ya Pasaka tulipeleka mashini mjini kwa Muzee mmoja fotografe, ambaye angali anaosha filme kwa mikono yake. Picha za karatasi hakuzijali. Aliomba filme yenyewe, akaiinua mbele ya dirisha.

«Kama mutu alifungula mulango,» akasema, «namna gani hizi zingine ziko salama? Angeunguza picha nyingi kwa mufululizo, nzima nzima.»

Kisha akatuonyesha kwamba lile doa, ambalo kwenye filme ni jeusi, lilivuka mpaka wa picha na kufika kwenye matundu ya pembeni. Mwangaza unaopita mbele, katika kioo cha mashini, unabaki ndani ya mipaka ya picha. Huu ulipita kwingine. Akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole katika mfereji mdogo ambamo mlango unafungia. Kidole kikatoka cheusi, kinanata kama lami.

Ndipo tukafahamu. Mashini nyingi za miaka ya 1960 mpaka 1980 zilitiwa humo sponji nyembamba nyeusi ili kuzuia mwangaza. Sponji hiyo haidumu. Unyevu wa hewa na joto vinaivunja pole pole, hata kama mashini inalala tu kabatini. Mlango unaonekana umefungwa vizuri, kumbe umefungwa nusu.

Muzee akauliza tena: «Siku ile ilikaa wapi?» Tulikumbuka. Ilikaa juu ya meza, juani, karibu mchana mzima. Na walioiweka pale ni sisi.

Kazi ya kutengeneza ilichukua saa za mchana mmoja. Tulichonga vijiti vya mbao, maana chuma kinakwaruza. Tulikwangua ule uchafu kidogo kidogo, tukiinamisha mashini ili vipande visianguke kwenye pazia la ndani, ambalo ni jembamba sana na halipaswi kuguswa. Tukapangusa mfereji kwa pamba yenye alkoli kidogo, tukangoja ukauke. Kisha tukalaza uzi mweusi wa lene ndani ya mfereji, na tone dogo la kole huku na huku. Upande wa bawaba tulibandika kipande cha velure nyeusi. Tulijaribu mlango: ukifunga kwa nguvu, uzi ni mnene mno. Sponji nyingine, ile inayopokea kishindo cha kioo kidogo kinapopanda, Muzee alibadilisha mwenyewe. Mikono yetu ilitetemeka.

Tulitia filme mpya, tukaacha mashini juani kwa kusudi, tukaigeuza pande zote, tukapiga. Muzee akaiosha. Hakuna doa hata moja.

Katika historia tunajifunza habari za Alice Seeley Harris, mmisionere Mprotestanti kutoka Uingereza. Mwaka 1904, kule Baringa, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa mtoto wake uliokatwa. Picha zake zilionyeshwa Ulaya na Marekani, na zilisaidia watu kuupinga utawala wa Leopold, ambao uliisha mwaka 1908. Basi picha ni shahidi. Lakini shahidi anahitaji wasikilizaji wenye subira. Yetu ilisema kweli tangu mwanzo, pembeni kwenye matundu. Sisi hatukuitazama, tulitazama mtoto.

Jumatatu ya kurudi tulimwita mbele ya mstari, tukamwomba msamaha, tukafuta jina lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Aksanti, Yaya. Lakini majani nilishakata.» Watu walicheka. Sisi hatukucheka.

Sasa mwaka wa sita unaisha, na daftari litapita kwa wengine. Uzi uliobaki tumeuweka ndani ya mfuko wa mashini, maana hata lene itachakaa siku moja. Ninyi mtakaotufuata, kabla ya kuandika jina la mtu, pitisheni kidole mlangoni kwanza.