DVD ya Italia Yagoma Malindi

Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia kwa namba, msomaji. Marekani ni 1, Italia ni 2, sisi Kenya 5. Ajabu, Oman na Afrika Kusini nazo ni 2! Shabaha ni filamu itoke kila soko kwa wakati wake na bei yake. Deki ya 5 haifungui DVD ya 2.

Wifi yangu alipotuletea katuni kutoka Italia, halali, na risiti yake, watoto walijipanga mkekani bure. Nakala za wizi hazina kufuli hiyo. Anayefungiwa ni aliyelipa. Fundi mmoja wa Shella akataka kuifungua deki. Nikamwambia Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kuvunja kufuli zinazolinda kazi za wasanii. Akauliza, “Kwani hamkununua?”