Gego la Miaka Kumi na Miwili

Wengi wetu tunayakumbuka meno mawili ya mtoto: lile la kwanza kuota, ambalo nyumba nzima hulifurahia, na lile la mbele linalong'oka akiwa darasa la kwanza, akabaki na pengo la kuchekesha. Lakini kuna jino linalokuja kimya kimya bila kupokewa na mtu. Nalo ni gego la pili la kudumu. Huota mtoto akiwa na miaka 11 hadi 13, nyuma ya mengine yote, wakati mama ameshaacha zamani kumwangalia mdomoni.

Mimi ni muuguzi hapa Kiloleli, mkoani Simiyu, na huwa ninajitolea kuzungumza na akina mama wa kanisa letu juu ya afya ya familia. Kuhusu meno, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, si litang'oka tu liote lingine?" Inategemea ni jino lipi. Meno ya utoto ni 20, na manane kati yake ni magego. Hayo hung'oka, ya mwisho yakiondoka kwenye miaka 10 hadi 12. Gego la kudumu la kwanza huja kwenye miaka 6, la pili kwenye miaka 12, na haya hayarithi nafasi ya jino lolote. Huota palipokuwa na ufizi mtupu, na likitoka halina mrithi. Mwambie mtoto afungue mdomo, anzia katikati ya meno ya mbele, hesabu ukienda nyuma. Kama meno yake yote yapo, la saba ndilo hilo.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliniletea binti yake wa darasa la sita. Hakuweza kutafuna muwa kwa upande wa kushoto, na maji ya baridi yalimchoma. Baba mtu alikuwa ameshaamua ling'olewe. Alikuwa na hoja yake, nami sikuidharau: kung'oa ni siku moja na kumekwisha, bali kuziba ni nauli ya Bariadi, labda na ya kurudi tena, na ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Nilimtazama, nikaona tundu dogo jeusi kwenye gego la saba, chini. Nikamwuliza, "Usiku unalala?" Akasema analala. Hapo nikapata moyo. Jino linalouma likiguswa na baridi au kitu kitamu tu, kisha likatulia, mara nyingi kiini chake bado ni kizima. Linalouma lenyewe usiku habari yake ni nyingine.

"Mayu," nilimwambia mama yake, "hili si la utoto. Likiondoka leo, atakuwa bibi bila hilo jino." Nikamweleza pia kwamba jino la juu likikosa mwenzake wa kugongana naye huweza kushuka polepole, na majirani wa pengo huweza kulala upande.

Aliogopa mashine ya kutoboa. Nikamwambia ipo njia isiyotaka mashine wala umeme. Tabibu huondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha huziba kwa simenti iitwayo glasi ayonoma, inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Njia hiyo ilianza kujaribiwa papa hapa Tanzania, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, na mtaalamu wa Kiholanzi Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, na mwaka 2021 simenti hiyo iliingia katika orodha yake ya dawa muhimu. Walikwenda. Mtoto aliziba jino bila hata sindano ya ganzi. Baba alinung'unikia nauli kwa wiki moja hivi, akanyamaza alipomwona binti anatafuna mahindi ya kuchoma.

Kwa nini jino jipya lioze upesi hivyo? Juu yake kuna mifereji, na kwa miezi mingi linakuwa fupi kuliko jirani yake, hivyo mswaki hupita juu bila kuligusa. Ingiza mswaki kwa ubavuni mwa mdomo, uupitishe juu ya gego hilo peke yake, kwa dawa ya meno yenye floridi. Ufizi unaolifunika nusu ukivimba kidogo, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Lakini akivimba chini ya taya, akapata homa, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana uvimbe huo huweza kuziba njia ya hewa.

Liko jambo la maji pia. Gego hili huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa na miaka kama mitatu, na kichwa chake hukamilika kwenye miaka 7 au 8. Anachokunywa miaka hiyo ndicho kinachokuja kuonekana akiwa na miaka 12. Mkoa wa Shinyanga, ambao sehemu kubwa ya Simiyu ilitengwa nao mwaka 2012, unajulikana kwa visima vyenye floridi nyingi, na ikizidi hufanya meno kuwa na madoa ya kahawia, mengine yakamomonyoka. Kiasi kinachoshauriwa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi, na magadi tunayotia kwenye maharage huongeza nyingine. Nyumbani kwangu, maji ya mvua ya kwenye bati tunawawekea watoto wadogo ya kunywa, yakishachemshwa. Ya kisima ni ya kufulia.