"Lost": umepotea, umepoteza, au umefiwa?



Mwezi huu tumechagua kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: "lose". Kwa mambo yaliyopita kinakuwa "lost". Kinaandikwa kwa "o" moja. Kile cha "o" mbili ni habari ya kiatu kilicholegea, tukiache hapo.

Ukienda sokoni Mbarara ukakutana na mtu ambaye hamjaonana tangu Krismasi, atakupigia kelele: "Eh, you are lost!" Usiogope. Hakuulizi kama unajua njia ya kurudi Nakivale. Ni kama sisi tunavyosema, "Umepotea sana, ndugu!" Hicho ni Kiingereza cha Uganda, na kina upendo ndani yake. Lakini usimwambie hivyo mzungu aliyeshuka kwenye ndege juzi: atatoa ramani.

Hospitalini daktari akiuliza, "Have you lost weight?" anataka kujua kama umekonda, umepungua kilo. Jibu kweli, maana kwa ugonjwa kama kifua kikuu jibu hilo linamsaidia. Kadi ikipotea, ni "I lost my card". Timu ikifungwa, ni "we lost", na vijana wa Base Camp wanalijua hilo bila kufundishwa.

Hadi hapo ni mchezo. Sasa tufike kwenye kilichotufanya tuandike.

Mama mmoja wa darasa letu alikimbia mapigano ya Bunagana mwezi wa Juni 2022. Kabla ya kufika mpaka risasi zililia, watu wakatawanyika, na mtoto wake wa miaka tisa hakuonekana tena. Mama alifika Nyakabande, kule Kisoro, bila yeye. Baadaye, katika ofisi moja, aliulizwa habari za familia. Alisema, "Nilimpoteza mtoto." Aliyemtafsiria akasema, "She lost her son." Karani akaandika kwamba mtoto amekufa.

Hakuna aliyesema uongo. Kwa Kiingereza, ukisema "I lost my son", au mume, au mzazi, wengi wanaelewa kifo. Ni njia ya upole ya kukwepa kutaja kufa. Kwetu kupotezana na kufiwa ni vitu viwili. Aliyefiwa hukaa matanga. Aliyepotezana na mtu wake huuliza kila anayeshuka kwenye basi.

Mama alisomewa karatasi ile miezi mingi baadaye. Alinyamaza kidogo, halafu akatuuliza: "Walimu, sasa wamemzika nani?"

Kwa hiyo darasani tumekubaliana hivi. Kama mlipotezana njiani, sema "We were separated". Kama hujui alipo, sema "My son is missing", kisha utaje mahali na siku mliyoonana mwisho. Kama amefariki, sema wazi "He died", hata kama neno ni zito mdomoni. Na wewe unayetafsiri, hata kama una miaka kumi na mbili na umemsindikiza mama yako tu, uliza kwanza: "Amekufa, au hatujui alipo?" Kabla ya kutia kidole, ombeni msomewe kilichoandikwa.

Anayetafuta ndugu aende kwa Msalaba Mwekundu. Kutafuta watu waliopotezana ni kazi yao ya siku nyingi, na hawatozi pesa. Wataomba majina kamili, ya wazazi pia, na mahali mlipoachana.

Karatasi ya mama yule ilirekebishwa baada ya yeye kurudi pale mara tatu. Mtoto bado anatafutwa.

Mwezi ujao tutafanya "miss", maana nayo ina hatari yake: "I miss my son" na "My son is missing" si kitu kimoja hata kidogo. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Mje na daftari. Kalamu zetu ni chache.